Mwongozo Kamili wa Pinotage: Kuichagua Dukani, Kuipooza, Kuionja na Kuiandalia Chakula

Pinotage ni zabibu nyekundu ya Afrika Kusini, na kwa nyama choma sijaona mvinyo unaoizidi. Ndiyo pia inayosemwa vibaya kuliko zote. Mtu anaifungua chupa ikiwa na joto la sebule ya Dar es Salaam au Mombasa, anakutana na harufu ya mpira ulioungua na uchungu nyuma ya ulimi, anaapa hatairudia, anarudi kwenye Merlot yake. Mara nyingi tatizo haliko kwenye zabibu. Chupa ilichukuliwa bila kusomwa, au mvinyo ulimiminwa ukiwa na joto, au chakula kilichoandamana nao hakikuufaa. Mambo hayo matatu yote yako mikononi mwako, na ndiyo tutakayoyapitia hapa.

Ijue zabibu kabla ya kununua chupa

Mwaka 1925, Abraham Izak Perold, profesa wa kwanza wa kilimo cha mizabibu katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch, alichavusha zabibu mbili zenye asili ya Ufaransa: Pinot Noir na Cinsaut. Pinot Noir hutoa mvinyo wa harufu nzuri sana lakini ni mmea wa kudeka, haupendi joto. Cinsaut huvumilia jua na huzaa kwa wingi. Wakati ule Afrika Kusini waliiita Cinsaut kwa jina la Hermitage, na majina hayo mawili yakaunganishwa yakazaa Pinotage.

Perold alipata mbegu nne tu. Akazipanda kwenye bustani ya nyumba aliyopewa na chuo, pale Welgevallen, kisha akahamia Paarl kufanya kazi KWV, ushirika wa wakulima wa mizabibu. Bustani ikajaa magugu. Watu walitumwa kuifyeka, na miche ile ingekwenda na majani kama mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, asingekuwa anapita na baiskeli yake. Aliijua ile miche. Akaiokoa, ikapelekwa chuo cha kilimo cha Elsenburg, ambako C. J. Theron aliiunganisha kwenye mashina mapya mwaka 1935. Kila Pinotage unayoiona dukani leo imetokana na miche hiyo.

Mwaka 1959 Pinotage ya shamba la Bellevue ilishinda mashindano ya mvinyo ya Cape, na mwaka 1961 jina Pinotage likaandikwa kwenye lebo kwa mara ya kwanza, chini ya chapa ya Lanzerac. Halafu mambo yakaharibika. Wakulima wengi waliizalisha kwa wingi na kwa haraka, na wataalamu wa Uingereza waliokwenda huko mwaka 1976 waliifananisha na misumari yenye kutu. Heshima ilirudi polepole. Mwaka 1991 Beyers Truter, aliyekuwa akitengeneza mvinyo katika shamba la Kanonkop, alitunukiwa jijini London tuzo ya mtengenezaji bora wa mvinyo wa mwaka, na silaha yake ilikuwa Pinotage.

Historia hii ina faida kwako unapokuwa umesimama mbele ya rafu. Zabibu ya Pinotage ni ndogo, ina ganda nene, huiva mapema na huwa na sukari nyingi. Inapochachuka hupanda joto upesi. Mtengenezaji asipokuwa makini, maganda hutoa ukakasi mkali, na harufu hugeuka kuwa ya rangi ya kucha au ya ndizi iliyoiva kupita kiasi. Harufu hiyo ya ndizi hutokana na kemikali iitwayo isoamili asetati, ambayo Pinotage ina tabia ya kuitoa kwa wingi wakati wa kuchachuka. Kwa hiyo kwa zabibu hii, jina la aliyeitengeneza lina uzito kuliko kwa zabibu nyingi nyingine. Pale Kanonkop, kwa mfano, huchachua kwenye matangi ya saruji yaliyo wazi juu, na wafanyakazi huyasukumia maganda chini usiku na mchana, kisha mvinyo hutenganishwa na maganda kabla ukakasi haujazidi. Hiyo ni kazi, na mnywaji huisikia kwenye glasi.

Hatua ya kwanza: amua unataka Pinotage ipi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanauliza "Pinotage ni nzuri?" wakati ziko za tabia tofauti kabisa, na chakula kinachoifaa moja huiharibu nyingine.

Kuna Pinotage nyepesi. Haikukaa kwenye pipa, au ilikaa muda mfupi tu, na ina kilevi cha asilimia 13 hivi. Rangi yake inapitisha mwanga, na harufu yake ni ya matunda mekundu: stroberi, forosadi, pengine ndizi kwa mbali. Hii hunywewa ikiwa changa na ikiwa imepoa vizuri. Kwa hali ya hewa ya pwani ndiyo ningemwanzishia mtu yeyote.

Kuna Pinotage nzito ya pipa la mwaloni. Kilevi hufika asilimia 14 na kupanda. Harufu ni ya zambarau zilizoiva hadi kupasuka, plamu, moshi, mdalasini, ngozi, chokoleti nyeusi. Kanonkop, Beyerskloof (shamba la Truter mwenyewe), Simonsig, Kaapzicht na L'Avenir ni majina yenye sifa ya muda mrefu katika aina hii, ingawa baadhi yao hutoa pia chupa nyepesi za bei ya chini. Beyerskloof ya kawaida ni mahali pazuri pa kuanzia kwa asiyetaka kutumia fedha nyingi.

Kuna ya kahawa. Ilianza katika shamba la Diemersfontein mwaka 2001, na mtengenezaji wake, Bertus Fourie, baadaye akaenda na mtindo huo kwenye chapa ya Barista. Hakuna kahawa iliyotiwa ndani. Harufu hiyo hutoka kwenye mbao za mwaloni zilizochomwa sana. Wapo wanaoidharau wakisema imeficha zabibu, na kweli imeificha kiasi. Mimi naiona ni mlango mzuri kwa mtu asiyezoea mvinyo mwekundu, na kwenye chokoleti chungu haina mpinzani. Ila usiihukumu Pinotage nzima kwa hiyo moja.

Mwisho iko mchanganyiko uitwao Cape Blend, ambamo Pinotage huungana na Cabernet Sauvignon, Merlot, Shiraz au nyingine. Kwa mlo wa watu wengi wenye ndimi tofauti, mchanganyiko huu huwa salama. Ziko pia za rangi ya waridi, nzuri mchana wa jua, lakini hizo zina mambo yake.

Hatua ya pili: soma chupa

Anzia shingoni. Chupa nyingi za Afrika Kusini zina kibandiko chembamba cha uthibitisho chenye namba, kilichopita juu ya kifuniko au kuzunguka shingo. Kinathibitisha yale yaliyoandikwa kwenye lebo: eneo, mwaka wa mavuno na aina ya zabibu. Lebo inapotaja zabibu moja tu, angalau asilimia 85 ya mvinyo ule ni ya zabibu hiyo.

Kisha tazama eneo, linalotanguliwa na herufi W.O. au maneno Wine of Origin. Ikiandikwa Western Cape, zabibu zimekusanywa popote katika eneo kubwa. Si dosari, mara nyingi ni mvinyo wa kila siku wa bei nafuu. Ikiandikwa Stellenbosch, Paarl au Swartland, eneo ni dogo na tabia inaonekana zaidi. Stellenbosch ndiko alikozaliwa mtoto huyu, na vilima vya Bottelary vina mizabibu ya Pinotage ya zamani. Swartland ni kukavu zaidi, na siku hizi kumekuwa na vijana wanaotengeneza Pinotage nyepesi zenye uchangamfu mwingi.

Ukiona maneno Bush Vine, mzabibu ule umeachwa usimame wenyewe kama kichaka, haukufungwa kwenye waya. Mizabibu mingi mikongwe ya Pinotage iko hivyo. Huzaa kidogo na matunda yake huwa na ladha nzito. Ukibahatika kukuta kibandiko cha Certified Heritage Vineyards, hicho hutolewa kwa shamba lenye mizabibu ya miaka 35 au zaidi, na mwaka uliopandwa umeandikwa palepale. Chupa hiyo iwekee siku yake.

Tazama mwaka. Kule Pinotage huvunwa mapema kuliko zabibu nyingi nyekundu, Februari hivi. Nyepesi iwe ya miaka miwili mitatu iliyopita, isizidi. Nzito ya pipa haina haraka. Mitano hadi kumi inaiongezea utulivu.

Na kabla ya kwenda kulipa, angalia chupa ilikuwa imekaa wapi. Iliyosimama dirishani ikipigwa na jua miezi kadhaa imeshapikwa, hata kama lebo ni ya kifalme. Chagua duka linalouza haraka, lenye kivuli. Kizibo kilichojitokeza juu ya mdomo wa chupa, au lebo yenye michirizi ya mvinyo uliovuja, ni dalili ya joto: iache. Kifuniko cha kuzungusha wala kisikutie shaka. Mvinyo mwingi mzuri wa Afrika Kusini hufungwa hivyo.

Hatua ya tatu: ipooze

Kama utachukua jambo moja tu katika mwongozo huu, chukua hili. Ule msemo kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba ulianzia Ulaya, katika nyumba za mawe zenye baridi. Chumba chenye nyuzi 29 hakikuhusika.

Pinotage nyepesi iwe na nyuzi 13 au 14. Nzito iwe kati ya 16 na 18. Ikizidi 20, kilevi kinatangulia puani na kufunika matunda, na zile harufu za moshi na mpira zinajitokeza. Ikishuka sana, chini ya 10, harufu hulala na ukakasi hubaki peke yake mdomoni.

Kwa chupa iliyokuwa kwenye chumba cha pwani chenye nyuzi 28 au 29, iweke kwenye friji ya kawaida kwa saa moja na robo hadi saa moja na nusu ikiwa ni nzito, na karibu saa mbili ikiwa nyepesi. Nairobi, Arusha au Mbeya, ambako chumba kina nyuzi 21 hivi, nusu saa hadi dakika 40 zinatosha kwa nzito. Wageni wakikuvamia, tumia ndoo: nusu barafu, nusu maji, kiganja cha chumvi, na chupa izame hadi shingoni. Dakika kumi tu. Barafu tupu bila maji huchelewa kwa sababu haigusi chupa pande zote.

Usiweke barafu ndani ya glasi ya mvinyo wa pipa, utauzimua. Mimina kidogo kidogo, theluthi moja ya glasi, na chupa irudi kwenye ndoo au friji. Kwenye baraza ya Tanga au Lamu glasi iliyojaa hupata joto kabla hujaifikia nusu.

Hatua ya nne: ifungue na uipe hewa

Nyepesi fungua, mimina, kunywa. Nzito changa inahitaji hewa. Imimine yote kwenye jagi safi la glasi, lisilo na harufu ya sabuni, uiache nusu saa hadi saa nzima. Harufu ya mpira au kiberiti inayotokea mwanzoni mara nyingi ni ya mvinyo uliofungiwa bila hewa, na huondoka yenyewe. Ukihitaji kubaki na ubaridi, liweke jagi kwenye bakuli la maji ya baridi.

Chupa iliyozidi miaka kumi isimamishe siku moja kabla, ili mashapo yatulie chini, halafu imimine taratibu bila kuitikisa na uache kile cha mwisho.

Hatua ya tano: ionje kwa utulivu

Chukua glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Mimina kidogo. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe, utazame pembeni pale mvinyo unapokuwa mwembamba. Pinotage changa ina ukingo wa zambarau, karibu na buluu. Ikizeeka, ukingo huwa wa matofali. Tayari umeshajua kitu kuhusu umri wake bila kusoma lebo.

Nusa kwanza bila kuizungusha. Hapo utapata harufu nyepesi zinazoruka haraka: stroberi, ndizi, maua. Sasa izungushe mara mbili tatu, uingize pua tena. Zinakuja zile nzito: zambarau, plamu, moshi wa kuni, mdalasini, karafuu, labda kahawa. Usihangaike kutafuta neno ambalo mwingine amelitaja. Kama wewe umesikia ubuyu, ni ubuyu.

Chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, livutie hewa kidogo. Angalia mambo matatu. Ufizi: ukibanwa na kukauka kama aliyekula bibo lisiloiva, hiyo ni tanini, na katika Pinotage nzuri inabana kisha inaachia. Pembeni mwa ulimi: mate yakikutoka, ni asidi, nayo ndiyo inayoupa mvinyo uhai mbele ya mafuta. Kooni: ukihisi moto, kilevi kimezidi au joto la mvinyo limepanda. Ukishameza, hesabu taratibu ladha inabaki kwa muda gani. Iliyotengenezwa kwa uangalifu hukaa.

Pinotage nyingi zina utamu wa harufu, kama tunda lililoiva sana, lakini ni kavu. Sukari karibu yote imekwisha. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili.

Jifunze pia kutambua chupa mbovu. Harufu ya karatasi iliyolowa au stoo yenye ukungu: kizibo kimeharibu mvinyo. Harufu ya siki: umechacha. Harufu kali ya rangi ya kucha isiyoondoka hata baada ya saa nzima ya hewa: umechachuliwa vibaya. Kwenye hoteli au mgahawa una haki ya kusema na kuirudisha, tena mapema, kabla hujafika nusu ya chupa.

Zoezi zuri kwa mkazi wa Dodoma, au yeyote anayepata mvinyo wa huko: weka mwekundu mkavu wa Dodoma na Pinotage nyepesi kandokando, zote zikiwa na joto moja, kwenye glasi zinazofanana. Ulimi hujifunza upesi unapolinganisha kuliko unapoonja kimoja kimoja.

Hatua ya sita: iandalie chakula

Kumbuka sheria hizi chache, maana zinafanya kazi hata kwa vyakula ambavyo sikuvitaja. Chumvi hulainisha ukakasi. Mafuta na nyama huupa ukakasi kazi ya kufanya. Moshi hupatana na moshi. Pilipili huamsha moto wa kilevi na kuukaza ukakasi. Utamu kwenye chakula huufanya mvinyo uonekane mchachu. Na mafuta ya samaki yakikutana na tanini nyingi, mdomo hubaki na ladha ya chuma.

Sasa tuanze na nyama choma, maana ndiyo kiini.

Mbavu za mbuzi zikae juu ya makaa yaliyotulia, chumvi peke yake, zigeuzwe pole pole. Mafuta yanadondoka, yanalia juu ya mkaa, moshi unarudi juu na kushika kwenye nyama, na ngozi ya nje inakuwa ya kahawia iliyokoza, karibu kuungua pembezoni. Pale pembezoni palipokaribia kuungua ndipo Pinotage inaposhika. Moshi wake unaukuta moshi wa nyama, asidi inakata mafuta, chumvi inalainisha ukakasi, na lile tunda jeusi lililokuwa limejificha linajitokeza. Kunywa funda kabla ya kula, kisha kula kipande chenye mafuta, kisha kunywa tena. Hutahitaji mtu akueleze tofauti. Kwa mbuzi chukua nzito ya pipa, au Cape Blend.

Kachumbari iwe na nyanya, kitunguu, ndimu na chumvi. Pilipili ikae pembeni kwenye kisahani chake ili kila mtu ajipimie. Ndimu haina ubaya, mvinyo wenye asidi ya kutosha unaimudu. Ugali unafaa sana, kwa kuwa hauna ladha ya kushindana na unasafisha mdomo kati ya funda na funda.

Mishkaki ya ng'ombe ni jambo jingine. Ikiwa imelowekwa kwenye tangawizi, kitunguu saumu na papai, nzito inafaa. Ikipakwa ukwaju wenye sukari, shuka kwenye nyepesi, maana ule utamu utaifanya nzito ichachuke mdomoni. Mutura, yaani utumbo uliojazwa nyama, huenda na Pinotage vizuri mno, hasa uliochomwa ukakauka nje.

Pilau ya nyama: mdalasini, karafuu, iliki, pilipili manga, bizari nyembamba. Mvinyo uliokaa kwenye pipa una harufu za jamii hiyohiyo, hivyo wanakaa pamoja kama ndugu. Chagua wenye umri kidogo, ambao ukakasi wake umetulia. Biriani ina nyanya, mtindi na kitunguu cha kukaanga, ni tamu na chachu zaidi; hapo nyepesi iliyopoa ndiyo inayoshinda.

Kuku wa kuchoma mwenye ngozi: nyepesi. Bata: nzito. Ndizi nyama na mtori: nyepesi au ya wastani. Wasiokula nyama wasijione wamesahauliwa. Uyoga uliochomwa kwa chumvi na kitunguu saumu ni rafiki mkubwa wa Pinotage, na bilinganya zilizobabuliwa juu ya moto hadi ndani zikalainika zina moshi uleule unaotafutwa. Maharage yaliyoungwa kwa kitunguu na nyanya yanakubali. Ya nazi hayakubali sana.

Kwa jumla, nazi nyingi ndiyo mpaka. Samaki wa kupaka, kuku wa nazi, mchuzi wa kamba: hivyo vipe mvinyo mweupe, Chenin Blanc kwa mfano, ambayo Afrika Kusini inaitengeneza vizuri kuliko karibu nchi yoyote. Kwa samaki wa aina nyingine Pinotage nyepesi ina nafasi ndogo lakini ya kweli: jodari wa kuchoma, mnene, aliyeiva nje na kubaki na unyevu ndani. Kule Cape huchoma samaki aitwaye snoek juu ya makaa, wakimpaka siagi na jamu ya aprikoti, na wapo wanaomla na Pinotage nyepesi ya baridi.

Na kwa kuwa zabibu ni ya huko, inafaa ujue wenyewe wanailaje. Braai, yaani nyama ya kuchoma juu ya kuni, ndiyo meza yake ya kwanza. Juu yake huwa na boerewors, soseji ndefu iliyoviringishwa, yenye mbegu za giligilani na karafuu. Bobotie ni nyama ya kusaga iliyokolezwa bizari na zabibu kavu, ikafunikwa kwa mchanganyiko wa mayai na maziwa, kisha ikaokwa. Ni chakula cha Waislamu wa Cape kilichoenea kwa watu wote nchini, na utamu wake mdogo unahitaji Pinotage yenye tunda jingi na ukakasi kidogo. Biltong, nyama kavu yenye chumvi, hutafunwa kabla ya mlo huku chupa ya kwanza ikifunguliwa.

Chokoleti: iwe chungu, asilimia 70 ya kakao au zaidi, na Pinotage iwe ya kahawa. Keki na vitindamlo vitamu achana navyo. Jibini gumu lililokomaa linafaa, halihitaji maelezo.

Ratiba ya jioni moja

Tuseme mnakula nyama choma watu sita, saa moja na nusu usiku, uko pwani. Chupa moja ya mililita 750 hutoa glasi tano za kawaida, kwa hiyo andaa chupa mbili, ya tatu ikae akiba. Maji ya kunywa yawe mengi mezani, na anayeendesha gari apate kinywaji chake mapema.

Saa kumi na moja jioni weka nyepesi kwenye friji. Saa kumi na moja na nusu weka nzito. Saa kumi na mbili washa mkaa. Kama saa moja kasoro dakika tano hivi, nyama ikiwa imeanza kulia, toa nzito na uimimine kwenye jagi, jagi kwenye bakuli la maji baridi. Saa moja kamili wageni wakikaa, nyepesi ianze, pamoja na korosho za chumvi au mishkaki ya mwanzo. Mbavu zikifika mezani, nzito nayo iko tayari. Daima nyepesi itangulie; ukianza na nzito, ile ya pili itaonekana maji.

Kilichobaki, na chupa za akiba

Funga chupa mara moja na uirudishe friji, hata kama ni mwekundu. Nyepesi hukaa siku mbili, nzito tatu au nne. Kama imebaki nusu, ihamishie kwenye chupa ndogo safi ijae hadi juu; hewa ikipungua, mvinyo unadumu. Itoe friji kama nusu saa kabla ya kunywa.

Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae mahali penye giza na joto lisilobadilika: chini ya kitanda, kabati la ndani, popote mbali na jiko. Juu ya friji ni mahali pabaya kabisa kwa sababu ya joto na mtikisiko. Zenye kizibo cha gome zilale, za kuzungusha zisimame au zilale sawa tu. Kwenye nyumba ya pwani isiyo na kiyoyozi usijaribu kuzeesha mvinyo. Nunua wa kunywa ndani ya miezi michache.

Na kile kidogo kilichopita siku zake, kikianza kuchachuka bila kuwa siki kamili, ni cha jikoni. Kaanga vipande vya muundi wa ng'ombe hadi viwe kahawia, toa, kaanga vitunguu na karoti, mimina mvinyo uchemke hadi upungue nusu, rudisha nyama na supu, funika, moto mdogo, saa tatu. Chumvi weka mwishoni.